Mwaka Nilipoiga Panya

Sikuwahi kutaka utajiri. Nilitaka kuzeeka. Ninalisema hili mapema kwa sababu mwaka ule watu walinisingizia mengi, karibu yote ya uongo, na hili lililokuwa kweli hakuna aliyelisema. Nilitaka meno ya kulegea, nilitaka wajukuu wanipigie kelele nikisinzia kwenye kiti mchana, nilitaka kulalamika kwamba magoti yananiuma mvua ikikaribia. Wanaume wa kwetu hawafiki huko. Babu yangu alianguka shambani akikata matawi. Baba yangu alianguka asubuhi akifunga viatu kwenda kazini, na kiatu cha pili hakikufungwa. Baba yangu mdogo naye akaenda vivyo hivyo, kwenye foleni ya benki. Wote walikuwa wanene, wachangamfu, wapenda nyama, na wote walikufa kabla nywele hazijawa nyeupe. Mimi nilipovuka thelathini nilianza kujitazama kwenye vioo vya maduka pale mjini, nikitafuta shavu la baba yangu usoni mwangu, na nililiona.

Kazi yangu ilikuwa ya maabara. Upper Hill ya mwanzoni mwa miaka ya tisini haikuwa haya maghorofa mnayoyaona. Zilikuwa nyumba za zamani za vigae, zenye bustani pana na mijakaranda, nyingine zimegeuzwa ofisi. Moja, si mbali na hospitali kubwa, ilikuwa ya panya wetu. Chumba ambacho zamani huenda alilala mzungu wa reli kilijaa vizimba mpaka darini. Upande wa dirisha walikaa panya waliokula watakavyo. Upande wa ukuta walikaa waliokula kwa kipimo, pungufu kuliko wenzao, lakini chakula chao kilitiwa vitamini zote ili wakose wingi tu, wasikose lishe. Wataalamu wa ng'ambo walikuwa wameona tangu zamani kwamba panya anayekula kidogo huishi zaidi kuliko anayeshiba. Sisi tulikuwa tunarudia jambo hilo na panya wa kwetu na kutafuta sababu ndani ya damu na maini yao. Sababu yenyewe haikujulikana vizuri. Wengine walisema mwili wenye njaa huacha habari za kukua na kuzaa ukashughulikia ukarabati. Wengine walisema chakula kikiungua mwilini huacha masizi yanayokula viungo polepole, na chakula kikiwa kidogo masizi nayo hupungua.

Mkuu wetu alikuwa daktari mmoja wa Kihindi, mama wa makamo aliyevaa koti jeupe juu ya sari na ndala za mpira. Siku fulani za kila mwezi alifunga kula kwa ajili ya dini yake, na hakuwahi kututangazia. Sisi tulijua tu kwa sababu siku hizo hakukuwa na harufu ya kachori ofisini.

Panya mwenye njaa hatulii. Hilo huwezi kulijua kwa kusoma, mpaka ukae nao. Wale wa dirishani walilala kutwa. Wale wa ukutani waliposikia viatu vyangu kwenye baraza walisimama kwa miguu ya nyuma, wakashika waya, pua zinacheza. Wakimaliza kula walipanda kwenye gurudumu wakakimbia, wakashuka, wakachimba vumbi la mbao, wakapanda tena. Siku moja nilimwona mmoja wao, mzee kwa hesabu zote, akikimbia vile, manyoya yanang'aa. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa dirishani, amelala ubavu, ana uvimbe kwapani na upara mgongoni, macho yana utando. Walizaliwa siku moja. Nilisimama na chupa ya maji mkononi nikawaza kwamba huyu aliyelala ni baba yangu, na yule anayekimbia naweza kuwa mimi.

Sikumwomba mtu ushauri. Mimi ni mtu wa haraka, na jambo likishaniingia kichwani halitoki kwa maneno. Jioni hiyohiyo, kwenye chumba changu cha kupanga kule Riruta, nilipika sukuma wiki na ugali kama kawaida, nikala nusu, nusu nyingine nikampa mbwa wa mwenye nyumba. Chakula cha mchana nikakifuta kabisa. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi bila sukari na kiazi kitamu kimoja. Sikuwa mjinga. Nilikula maharagwe, mayai, machungwa, nikahakikisha sikosi kitu isipokuwa shibe. Nyama niliiacha kwa hasira, kama mtu anayemwacha mke aliyemdanganya.

Nami nikaacha kutulia. Nikikaa kitini nilifikiria mandazi, basi sikukaa. Nilitoka kazini nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, Ngong Road yote mpaka Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road, nikiwapita watu waliokuwa na haraka zao halali. Jumapili kanisani nilisimama nyuma karibu na mlango, kwa sababu benchi lilinichoma. Nilihisi baridi. Februari, jua la Nairobi likipasua kichwa, mimi nilivaa sweta na vidole vyangu vilikuwa baridi kama vya mtu aliyekuwa akifua. Lakini kichwa kilikuwa chepesi, presha niliyojipima kwa mashine ya ofisini ilishuka vizuri sana, na kila shimo jipya nililotoboa kwenye mshipi nililihesabu kuwa ushindi. Niseme kweli: nilikuwa na furaha. Furaha ya namna ya kuudhi, ya mtu anayejua siri wasiyoijua walaji wote waliomzunguka.

Daktari ndiye wa kwanza kugundua. Aliniita, akaniuliza kama naiba mwendo wa panya wake. Nikakubali, nikidhani atanisifu. Hakunisifu. Alinieleza kwa upole kwamba panya si mtu, kwamba hata hao wataalamu wa ng'ambo hawakubaliani, na kwamba panya wetu wanaishi chumba safi, hawapati kikohozi wala kidonda wala maji machafu, kwa hiyo hakuna anayejua mnyama mwenye njaa atafanya nini akikutana na homa ya mapafu. Alisema nisubiri, sayansi ina njia ndefu, pengine miaka ishirini. Nikamwambia watu wa kwetu hawana miaka ishirini ya kusubiri. Akafunga faili lake, halafu akasema kwa Kiswahili chake kile cha Parklands, mtaa wa Wahindi:

"Tena ile panya yangu hana jirani."

Nilifikiri bado anazungumzia kikohozi.

Sasa niwaambie wasomaji ambao hawakuwapo. Miaka ile Nairobi mtu hakukonda bure. Ule ugonjwa ulikuwa umeingia mjini na kila mtaa ulikuwa umezika, na hakuna aliyeutaja jina. Walisema malaria ya kichwa, walisema kifua, walisema amerogwa kazini. Jina halikutajwa ila watu walitazama. Walitazama shingo ndani ya kola, walitazama suruali inavyokaa nyuma, walitazama kama mtu amevaa sweta kwenye jua. Mimi nilipita katikati ya macho hayo kila jioni, mwembamba, mwenye sweta, mwenye mwendo wa haraka na mikono ya baridi, nikijidhani mtu mwenye bahati kuliko wote barabarani.

Kwanza walikuja na chakula. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mjane aliyeuza mboga, alianza kuniletea uji wa wimbi kwenye thamosi. Akafuata wa mlango wa tano na mukimo wa viazi na mahindi. Mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kumpa mtu hata kiberiti, akaniletea maparachichi ya mti wake. Nilidhani nimependwa ghafla. Nikapokea, nikashukuru, nikala kijiko kimoja kwa ajili ya adabu, na mengine yakaenda kwa mbwa, ambaye alinenepa mpaka akashindwa kubweka vizuri. Kisha Jumamosi moja wakaja akina mama wa kanisa, wakaingia chumbani kwangu bila kubisha, wakaketi kitandani na kwenye ndoo, wakaimba. Waliniombea nguvu za kubeba msalaba wangu. Nilikaa katikati yao nimekunja uso, nikitaka kuuliza msalaba gani, lakini wimbo ulikuwa na beti nyingi.

Bado sikuelewa. Mtu akitaka kuniita mpumbavu, hapa ndipo pake. Nilikuja kuelewa pale Kenyatta Market.

Ijumaa za mwisho wa mwezi tulikuwa na desturi, mimi na rafiki zangu wa shule, kula nyama choma pale. Tangu nianze mambo yangu nilikuwa nahudhuria kwa ajili ya mazungumzo tu, nikidonoa vipande vichache. Mnajua inavyoliwa: nyama inakatwakatwa kwenye ubao mmoja, chumvi inamwagwa pembeni, kachumbari katikati, na mikono yote inaingia humohumo. Kula kwenye ubao mmoja ndiyo urafiki wenyewe. Siku hiyo mchomaji alileta mbao mbili. Mmoja mkubwa aliuweka katikati, mdogo akauweka mbele yangu, na chumvi yake, na kachumbari yake kwenye kisahani. Nikadhani wamenichagulia minofu. Nikanyoosha mkono kuchovya chumvi kwenye ubao mkubwa, kwa mazoea tu, na mikono yote mitatu iliyokuwa pale ikarudi nyuma. Ilirudi taratibu, kwa heshima, kila mmoja akijitia kutafuta kitu mfukoni. Rafiki yangu wa siku nyingi, tuliyelala naye kitanda kimoja bwenini, akausogeza ubao wangu mdogo karibu nami.

"Kula yako polepole, bana," akasema. "Hakuna mtu anakukimbiza."

Nilijua papo hapo, na uji wa wimbi, na wimbo, na maparachichi, vyote vikanijia kwa mkupuo. Nikaanza kuwaeleza habari za panya. Nilieleza vizuri, kwa mpango, tangu vizimba mpaka masizi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyojaa huruma. Walikuwa wameshasikia maelezo mengi mwaka ule, ya vidonda vya tumbo na ya wachawi. Ya panya yalikuwa mapya kidogo, basi. Niliondoka nikiwaacha na mbao zao mbili, nikatembea mpaka Riruta huku nikizungumza peke yangu, jambo ambalo nadhani halikunisaidia machoni pa watu.

Mama yangu alikuja wiki iliyofuata kutoka Limuru. Kuna mtu alikuwa amempelekea habari. Alinitazama mlangoni, akaingia, akashika suruali yangu kiunoni kwa vidole viwili na kuivuta.

"Hii suruali ni ya nani?"

"Ni yangu, mami."

"Ilikuwa yako."

Hakuuliza zaidi. Alipika, akakaa mbele yangu na mikono mapajani kusubiri nile. Nikamweleza yeye pia, na kwake nilisema jambo ambalo sikuwaambia wengine, kwamba naogopa kufa kama baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ninamwambia kwamba chakula alichompikia mume wake ndicho kilichomuua. Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nikasema hapana, nikasema labda kwa sehemu, nikajaribu kurudi kwenye masizi, na kila neno lilizidi kuharibu. Alisimama akajifunga leso yake kichwani upya.

"Mimi sijaona mtu anakataa chakula ndio aishi," akasema, na akaondoka kabla mvua haijaanza, sufuria ikiwa imejaa.

Haya yote ningeyameza. Marafiki hupatikana, majirani huhamwa, na mama husamehe. Lakini kulikuwa na msichana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtulivu, mwenye kicheko cha ghafla ambacho kilinishtua kila mara, na kwao ni upande wa Waithaka, watu wa mashamba madogo na ng'ombe na vyumba vya kupangisha, waliokaa pale tangu kabla ya Nairobi kuwakaribia. Wazee wetu walikuwa wameshakwenda kupanda tawi nyumbani kwao, ndivyo sisi tunavyomwekea binti alama kwamba ameposwa, na kilichobaki kilikuwa siku ya kupeleka mbuzi wa mahari. Siku ya tawi mama yake alinipakulia sahani ya kilima. Nilikula nusu, nikaweka kijiko chini, nikasema asante nimeshiba. Akanitazama, akaitazama sahani, akatoka nje. Nilidhani nimemkosea kwa adabu za mezani na nikapanga kurekebisha baadaye.

Baada ya hapo siku ya mbuzi ilianza kusogezwa. Kwanza kwa sababu ya mvua. Kisha kwa sababu mzee mmoja alikuwa na safari. Mwishowe shangazi yake, ambaye wote walimwita tata na aliyekuwa msemaji wa ukoo ule kwa mambo yasiyosemeka, akatuma neno kwamba mbuzi wapumzike kwanza, na kwamba siku hizi vijana wengi wanaonelea vyema kwenda hospitali pamoja kabla ya mambo kufika mbali.

Nikakataa kupimwa. Ndiyo, nilikataa, na mpaka leo naweza kuwaeleza kwa nini. Nilijijua. Nilikuwa nimesema ukweli wangu kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza. Nikaona kwamba mtu akiamini karatasi kuliko mdomo wangu, basi hanihitaji mimi, aolewe na karatasi. Maneno haya niliyasema kwa sauti, mara nyingi, nikitembea huku na huku chumbani mwangu. Msichana wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasikiliza. Hakuniuliza chochote wala hakunihimiza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wiki zikapita hivyo. Alikuja Jumamosi, akanitazama nikila nusu yangu, akaenda zake, na kila Jumamosi alikaa muda mfupi zaidi. Nilikuwa nampoteza na nilijua, na bado nilikula nusu, kwa sababu kuanza kula sasa kungekuwa kukiri kitu ambacho hakikuwapo. Naweza kusema sijawahi kuwa na njaa kama miezi ile. Usiku niliota mafuta ya nguruwe.

Jumapili moja nikaenda kwao bila kualikwa. Nilikuwa nimechoka kuzungushwa. Nilimkuta uani akianua nguo, nikaanza palepale: kwamba watu wao ni wasengenyaji, kwamba wanamhukumu mtu kwa mshipi, kwamba tata yake aje aniambie usoni. Alikuwa na shuka mikononi. Alilikunja, akalikunja tena, akaliweka kwenye beseni.

"Unataka kujua ni kwa nini mbuzi zilisimama," akasema. "Haya. Kuja."

Alinipeleka nyuma ya nyumba kubwa, tukapita zizi, mpaka chumba cha mbao kilichokuwa na pazia mlangoni. Ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya dawa ya kuua vijidudu. Kitandani aliketi mzee amejifunika blanketi, ameegemea ukuta. Nywele zilikuwa chache na nyepesi, mashavu yameingia, mkono juu ya blanketi ni mifupa na mishipa. Niliinama, nikampa mkono kwa heshima zote, nikamsalimia nikamwita guka, kama tunavyowaita babu zetu.

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha ghafla, kilekile cha msichana wangu.

"Guka ni wewe," akasema. "Mimi nakufuata kwa miaka minne."

Alikuwa kaka yake. Watu wote walikuwa wameambiwa yuko Mombasa, kwenye kazi za bandari. Alikuwa amerudi mwaka mmoja kabla na hakutoka tena nyuma ya zizi lile. Msichana alisimama kwenye pazia akaniambia yaliyobaki bila kupaza sauti, mbele ya kaka yake, kwa sababu kwao wawili hapakuwa tena na siri. Kwamba kaka yake alianza hivi, kwa kuweka kijiko chini katikati ya sahani na kusema asante nimeshiba, kwa sababu mdomo ulikuwa na vidonda na kumeza kulimuuma. Kwamba siku ya tawi mama yao aliponiona nikiweka kijiko chini alitoka akaenda kulilia zizini, ng'ombe wakimtazama.

"Mimi najua mtu akikonda na hataki anakaa aje," akaniambia. "Wewe uliamua. Uliamua, na ulikuwa unafurahia."

Nilitaka kukimbia, miguu yenyewe ilitaka, lakini kijana alinionyesha kiti nikaketi. Alikuwa amesikia habari zangu. Alitaka kusikia za panya. Alikuwa mtu wa kwanza mwaka mzima kunisikiliza kama anayenisadiki, na aliuliza maswali mazuri, wanakula nini, wanapimwa vipi, wanajuaje kwamba ni wazee. Kisha akafikiri kidogo.

"Hiyo miezi wanaongezewa, shemeji. Wanaongezewa ujana ama uzee?"

Nikamwambia ni ujana. Ndiyo ajabu yenyewe, nikamwambia, wala si kwamba wanakokotwa na ugonjwa muda mrefu zaidi. Ile sehemu nzuri ya katikati ndiyo inayonyooshwa, mnyama anakimbia na kuona vizuri karibu mpaka mwisho, na mwisho wenyewe unakuwa mfupi. Nililisema kwa shauku, kwa sababu bado nililipenda jambo lile na bado nalipenda. Alitikisa kichwa polepole.

"Basi hiyo ni kitu mzuri. Mimi nimefanyiwa kinyume. Nimezeeka yote mwaka moja."

Niweke hapa mambo mawili yasije yakanisumbua mbele. Jumatatu yake mimi na dada yake tulikwenda kupimwa, wote wawili, na nilikuwa mzima kama nilivyosema siku zote, na hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi. Na kijana yule hakuiona Krismasi. Nilibeba jeneza lake upande wa kulia, mahali pa wana wa nyumba, na tata ndiye aliyenipanga pale.

Lakini Jumapili ile bado alikuwa hai na palikuwa na sahani kwenye stuli kando yake, viazi vya kuponda na mchuzi wa kuku, imeanza kupoa. Hakuwa ameigusa. Nilijaribu kutoitazama. Aliniona nikijaribu. Panya wetu hawakuwahi kuwa na njaa niliyokuwa nayo dakika ile, na niliona aibu kuwa nayo mbele yake.

"Kula," akasema.

Nikasema ni chakula chake.

"Hapa hakuna mtu hukula mbele yangu. Wote wanakula jikoni kama wezi, wakidhani wananionea huruma. Mimi nataka kuona mtu anakula."

Nilichukua kijiko. Kijiko cha kwanza nilikimeza kwa shida, kisha nikala kama mtu aliyetoka kulima. Nililia na nikala. Nilikwangua sahani. Kijana alikuwa ameinua kichwa kutoka ukutani, akifuata kijiko kwa macho kutoka sahani mpaka mdomoni, na midomo yake ilikuwa inatafuna pamoja nami. Nilipomaliza nikamwambia dada yake, bila kumtazama, kwamba naomba nyingine.

Aliyekuja si yeye, ni mama yao. Nadhani alikuwa amesimama nje ya pazia muda wote. Alikuwa ameshika sufuria nzima kwa leso. Alinipakulia kilima, kama cha siku ile ya tawi, kisha hakuondoka. Watu wa umri wake hawali mbele ya mkwe, tena mkwe ambaye mbuzi wake hawajatembea. Alisimama akawaza, halafu akamwambia binti yake alete sahani mbili na stuli. Akaketi karibu na miguu ya mwanawe. Binti akaketi chini, mgongo wake ukigusa goti langu. Tukala watatu, na sauti iliyosikika ilikuwa ya vijiko na ya ng'ombe nje.

Kijana alituangalia mmoja mmoja. Mama yake alikuwa amejipakulia shingo na kipande cha bawa, na paja alikuwa amelisukuma pembeni mwa sufuria, mahali alipozoea kuliweka.

"Mami, kula hiyo paja," akamwambia. "Usiniwekee tena."

Mama alishika kijiko bila kukisogeza. Kisha akalichukua lile paja kwa mkono, akalila lote mpaka mfupa, machozi yakimdondokea sahanini, na mwanawe hakuondoa macho yake kwake mpaka alipomaliza.